Kitambaa cha Jino Lisiloniuma

Voi, Jumapili, 19 Machi 1922. Huu ni mwaka wa tano tangu niondoke kwetu.

Joto. Mlima wa Sagalla umejifunika wingu tangu asubuhi, lakini mvua haishuki, inatutazama tu. Vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya chumvi. Shavu langu la kushoto limevimba kama andazi, na ninaandika nikiwa nimeinamisha kichwa upande wa kulia ili jasho lisipite juu ya vidonda.

Sijuti.

Hilo nimeliandika kwanza, kabla uchovu haujanitia maneno mengine mdomoni.

Akitokea mtu siku moja akayasoma haya, ajue mimi ni nani. Mimi ni Mmakonde wa kule juu uwandani, kusini kabisa, karibu na mto Ruvuma. Shule ya misheni nilikaa mpaka nikajua kusoma, kuandika na kujumlisha. Kugawanya kulinishinda, nikatoka. Hapa Voi ninafanya kazi katika genge la reli. Tunainua mataruma ya chuma yanayolaliwa na reli, yanayochoma mikono kama chungu kilichotoka jikoni, tunashindilia kokoto, tunanyoosha reli iliyopindishwa na jua. Kuna Wataita, kuna Wakamba, kuna Wanyamwezi wawili, kuna mimi. Kwetu naitwa Nandonde, misheni waliniita Lukasi, na genge linaniita Nusu. Mtu aliyeshindwa na kugawanya ameitwa Nusu. Nacheka mwenyewe nikifikiri, ila leo nimekatazwa kucheka, na sababu nitaisema.

Wananiita hivyo kwa ajili ya uso. Kwetu mtu akikua huchanjwa nembo usoni. Mistari hukatwa kwa kisu kidogo, mmoja juu ya mwingine, mingine imevunjika katikati kama paa la nyumba, kisha damu ikiwa bado inatoka husuguliwa masizi ya mbegu za mbarika. Kidonda kikipona, mstari hubaki na rangi ya buluu iliyo karibu na weusi, na hautoki mpaka kaburini. Mjomba wangu ndiye aliyenikata shavu la kulia. La kushoto aliliacha. Alisema uso haukatwi wote kwa siku moja, maana mtu hataweza kutafuna, na atakufa njaa akiwa amependeza. Tungemaliza baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno vita vya Wazungu vikapanda kwetu. Nikakamatwa, nikatwikwa sanduku la risasi, na tangu siku hiyo nimetembea na uso ulioachwa njiani. Vita vilipokwisha, meli ilitushusha Mombasa, wala si Lindi. Wengine walitafuta njia ya kurudi. Mimi nilisema nitafanya kazi kidogo kwanza.

Kila mwaka nasema nitarudi. Kila mwaka nauona mwaka mwingine ukipita nikiwa na mtarimbo begani.

Sasa niandike mambo ya miezi hii, kwa mpango, yasinichanganye.

Mwezi wa kwanza tulikuwa tunabeba reli karibu na daraja. Mtu mmoja aliyekuwa mbele alijikwaa, uzito wote ukatushukia sisi wa nyuma. Kitu kililia mgongoni mwangu kama ukuni mkavu unaovunjika. Tangu hapo nikiinama asubuhi huwa siinuki mpaka nijishike magoti. Jemadari wetu, msimamizi wa genge, ni Mhindi wa Punjabi, mtu wa kelele nyingi lakini moyo wake si mbaya. Aliniona, akanena, "Wewe nakwisha. Mwaka moja bado, basi, wewe mzigo."

Si maneno mazuri, lakini ni ya kweli.

Siku hizo hizo Mzee Athumani alikuwa anatafuta mtu. Mzee Athumani ni Mswahili wa Mombasa mwenye mke na watoto hapa Voi, na ndiye mkubwa wa watumishi katika nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni. Gari la moshi la jioni likifika, abiria Wazungu hushuka wakala pale kabla ya kuendelea. Alitaka kijana anayeweza kusoma maandishi ya makopo na chupa, asije akamwaga siki ndani ya chai. Wapishi wake wawili hawajui herufi. Nikaenda, nikasoma chupa zote za rafuni, akanipa kanzu nyeupe.

Niseme kweli, siku ile nilijiona nimekombolewa. Sahani ina uzito gani? Mgongo wangu ulianza kupona. Chakula kilichobaki mezani tulikula sisi, na kuna kitu chao kimoja cha maziwa na mayai, laini, kinatetemeka kikiguswa. Nilikipenda kuliko ninavyopenda kukiri.

Mzee Athumani alinifundisha kukunja vitambaa vya mezani. Anavikunja kwa mikunjo minane mpaka vinasimama juu ya sahani kama ua la yungiyungi. Akanifundisha pia kuandaa. "Chakula hutoka kushoto kwa mgeni, mwanangu," alisema. "Ndiyo sharia yao. Usiniulize sababu, hata mimi nimezeeka bila kuijua."

Basi ukisimama kushoto kwa mgeni na kuinama, shavu lako la kulia ndilo linalomkaribia. Na shavu langu la kulia ndilo lenye nembo.

Jioni ya kwanza bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya aligeuka kupokea supu, akaniona kwa karibu, akaruka. Supu ikaruka pamoja naye. Jioni ya pili Mzee Athumani akaniambia niandae kutoka kulia, ili waone shavu tupu. Wageni hawakuzoea. Kila nilipoleta sahani mkono wa kulia, wao walikuwa wanasogeza viwiko huko huko. Bwana mmoja alimwagiwa mchuzi mapajani, akasimama akisema maneno ambayo shule yangu haikuyafikia.

Mwenye nyumba akaniita jikoni. Ni Mzungu mwenye ndevu nyekundu, zamani alikuwa baharia. Alinishika kidevu, akageuza kichwa changu huku na huku kama mtu anayenunua punda.

"Uso yako nafukuza watu," alisema. "Iko dawa. Wewe nafunga hapa, kama mtu ya jino mbaya."

Akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya kidevu, juu ya shavu la kulia, akakifunga utosini. Masikio ya kitambaa yakasimama kama ya sungura.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mgonjwa wa jino.

Nilikaa nacho kwa majuma kadhaa. Sitajifanya kwamba kiliniuma tangu siku ya kwanza. Hapana. Nilikizoea upesi mno, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka. Wageni walinihurumia. Mmoja alinipa kichupa cha mafuta ya karafuu. Bibi mwingine aliniletea kipande cha barafu kutoka kwenye gari, kikayeyuka mkononi mwake kabla hajanifikia. Genge nalo likapata mchezo mpya. Nikipita kwenda kazini wananiuliza kwa sauti, "Nusu, jino laendeleaje?" Nami najibu, "Linawasalimu."

Jioni moja akashuka daktari.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, anakwenda Nairobi. Aliniona na kitambaa changu, akaweka uma chini. Akanikalisha kwenye kiti, kiti cha wageni, mbele ya watu wote, akafungua mkoba wake na kutoa koleo ndogo inayong'aa. Mzee Athumani alinong'ona, "Anataka kuling'oa." Nilitaka kusema sina jino bovu, lakini ningeeleza vipi kitambaa? Nikafumba macho. Daktari akafungua fundo, kitambaa kikaanguka, akasogeza taa.

Akainama karibu.

Alipitisha kidole juu ya mistari ya mjomba wangu, polepole, mmoja mmoja. Hakuogopa. Aliuliza neno kwa Kiingereza, na Mzee Athumani alipotaka kulitafsiri, mwenye nyumba akaingia katikati akicheka. Alieleza mzaha wake wote. Meza zikacheka. Kisha, ili wasiondoke na uso wangu machoni, akakunja mkono wa shati lake mpaka begani.

Mkononi mwa yule bwana pana nanga, pana nyoka aliyejiviringisha, na pana mwanamke asiyevaa kitu. Akikaza msuli, mwanamke huyo hutikisa nyonga. Alimchezesha mara tatu. Wageni wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha alificha macho kwa vidole, lakini vidole vilikuwa vimeachana.

Mimi nilikuwa bado kwenye kiti. Mwenye nyumba, akiwa angali anacheka, aliokota kitambaa sakafuni na kunifunga tena kwa mkono ule ule wenye mwanamke.

Niandike wazi, sikukasirishwa na michoro yake. Kazi ni nzuri, na yule nyoka ana magamba yaliyohesabika. Aliwahi kuniambia alichorwa katika bandari ya mbali huko mashariki, na mtu mwenye sindano zilizofungwa kwenye kijiti cha mwanzi. Nilimwuliza fundi huyo aliitwa nani. Alisema hajui, alikuwa amelewa, na asubuhi alishtuka kuona nyoka. Mimi najua jina la aliyenikata, na jina la mama yake, na kisu alikitoa wapi. Kilichonikasirisha ni makofi. Chumba kimoja, taa moja, ngozi mbili zilizotiwa rangi. Moja inachezeshwa, nyingine inafungwa kama kidonda.

Tulipokuwa tunaosha sahani nikamwambia Mzee Athumani kwamba kitambaa hiki kimenishinda.

"Mwanangu, usiharibu riziki," alisema. "Ya kwake iko mkononi, shati huifunika. Zako chale ziko usoni. Uso ni mlango wa mtu."

"Kwenu Mombasa milango mnaiachaje, Mzee?"

"Vipi?"

"Mnaiacha mbao tupu?"

Alisimama na sahani mkononi, maji yakitiririka. Mlango wa nyumba ya baba yake ameniambia mara mia, una maua na minyororo iliyochongwa, na fundi alifanya mwaka mzima. Akaguna. Akacheka mpaka akaegemea pipa. "Mwana mshari wewe," alisema. "Haya, lakini mlango wangu haumwagi supu."

Nikampokea sahani, nikaikausha.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia, nalo ndilo lenyewe. Wakati wa vita, wapagazi walikuwa wanakufa kwa kuhara na njaa, na wakifa walitupwa shimoni pamoja. Asubuhi moja nilitumwa kusaidia kufukia. Walikuwa wamevimba, hakuna aliyejulikana, hata mavazi yalikuwa ya aina moja. Kati yao niliona shavu. Mistari ya kwetu, kazi ya mjomba wangu, sikukosea. Alikuwa binamu yangu Lipende. Nilimtoa, nikamchimbia peke yake, nikalitaja jina lake. Wale wengine walizikwa kama mizigo. Nilitazama uso mmoja mmoja, lakini sikusoma kitu.

Jemadari naye ana herufi za kwao, za kijani, juu ya mkono wake. Alichomwa sindano sokoni akiwa mtoto, mama yake amemshika. Nilipomwuliza faida yake, alijibu bila kucheka, "Kama mimi nakufa inchi ya watu, mtu nasoma hii, najua. Huyu choma moto, hapana zika."

Basi nikawaza. Nikifa Voi, nimefungwa kitambaa, nani atanisoma? Atasema, huyu alikuwa na jino.

Nikaamua kumalizia shavu la kushoto.

Mkataji sikumtafuta mbali. Katika genge la Miasenyi, kituo kingine cha reli, yuko Mmakonde mwingine, Chilumba, mbeba maji. Ni mtu wa maneno mengi, na anatumia mkono wa kushoto. Nilimtumia habari kwa watu wa troli, kile kigari cha kusukumwa relini. Jumapili iliyopita akaja akiisukuma troli yenyewe, amejifunga kisu kiunoni.

"Umewahi kukata nyuso?" nilimwuliza.

"Nimekata vibuyu, nimekata viti, nimekata nyuso tatu. Mmoja tu hakuridhika."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alihama."

Mbarika niliipata kwa Mama Mghoi. Yeye ni Mtaita wa Chawia, hushuka kutoka milimani na ndizi na mboga kuziuza hapa kwenye nyumba zetu za reli. Nilimwomba aniletee mbegu, naye akadhani nataka mafuta ya mgongo. Nilipomwambia ni za uso, aliweka kikapu chini akanitazama vizuri. Kisha akafungua mdomo kunionyesha meno yake ya mbele, yamechongwa yakawa na ncha.

"Haya yalipigwa na patasi nikiwa msichana," alisema. "Nilikaa kimya, na mama akanichinjia kuku. Kijana wangu naye alichongwa, halafu akaingia misheni. Sasa akicheka anafunika mdomo na mkono. Mtoto mzuri yule, anacheka kama mtu anapiga chafya." Alitikisa kichwa. "Mimi nikicheka, nacheka wazi. Chukua mbegu."

Hakutaka nimpe chochote. Alitaka kuona tu.

Kwa hiyo alikuwapo. Na genge zima lilikuwapo, kwenye kivuli cha tangi la maji, maana Jumapili haina mchezo mwingine. Tulichoma mbegu juu ya kigae mpaka zikawa masizi yenye mafuta. Chilumba aliketi nyuma yangu, akaweka kichwa changu mapajani mwake. Sharia ya kwetu ni moja, anayekatwa hatoi sauti. Nyumbani watu huimba ili kumsaidia. Hapa walioimba ni Wakamba, wimbo wa kuinulia reli, ndio walioujua.

Sitaandika maumivu. Aliyekatwa anayajua na asiyekatwa hataamini. Nitaandika hili tu, kwamba kisu cha mkono wa kushoto kina njia yake. Mistari ya mjomba inapanda kuelekea sikioni. Ya Chilumba inalala kidogo, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Alipomaliza alisugua masizi kwa kidole gumba, akanitazama, akatazama upande wa pili, akakuna kichwa.

"Nisikufiche, ndugu yangu," alisema. "Haifanani."

Nilijua. Niliona machoni mwa watu.

Nitakwenda nyumbani na shavu moja la mjomba na shavu moja la Miasenyi. Wakiniuliza, nitawaambia ukweli, kwamba huu upande ni wa kwetu na huu ni wa nilikopita. Hata kati yao waliokaa mahali pamoja miaka hii yote, nani ambaye uso wake haukulala kidogo?

Kisha Chilumba akanipa masharti. Usioshe. Usikune. Usicheke mpaka magamba yadondoke, maana ukicheka mistari itapinda kabisa, na hapo mimi nitahama.

Asubuhi yake, Jumatatu, nilivaa kanzu nyeupe nikaenda kazini. Nilikuwa nimekibeba kitambaa mfukoni, sikukifunga. Mzee Athumani aliniona mlangoni, akasema "Ya Latifu," akakaa kwenye gunia la viazi.

Mwenye nyumba akaja. Alitazama shavu la kulia, akatazama la kushoto lenye damu kavu na masizi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alicheka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwake mimi sitakwisha kuwa mzaha.

"Taabu hapana," alisema. "Sasa wewe nafunga mbili. Mimi naambia wageni, matubwitubwi."

Nilisimama. Mgongo wangu uliniambia, kubali. Niliisikia harufu ya mkate unaotoka jikoni. Nilikumbuka mtarimbo na mataruma. Ilikuwa rahisi, hatua ya kusema "ndiyo, Bwana" na kutoa kitambaa.

Nikatoa kitambaa.

Nikakitandaza juu ya meza ya abiria. Nikakipiga mikunjo minane, kama nilivyofundishwa, sikuharakisha, nikavuta majani yake moja moja mpaka kikasimama ua la yungiyungi. Nikakiweka juu ya sahani, mbele ya kiti anachokaa yeye.

"Bwana," nilimwambia, "jino langu limepona."

Nikavua kanzu, nikaikunja pia, nikampa Mzee Athumani, nikatoka kwa mlango wa mbele kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Sikujua nitakwenda wapi. Miguu iliijua njia, ikanipeleka kwenye reli. Jemadari alikuwa anapiga kelele kuhusu kokoto. Aliniona, akanisogelea, akaangalia shavu jipya kwa muda mrefu kama anayesoma. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe.

"Wewe kichwa mbaya," alisema. "Reli hapana beba. Chukua nyundo, gonga kuona wapi nalegea."

Kugonga kabari zinazokaza reli si kazi nyepesi, lakini haivunji mgongo siku moja. Huuvunja kidogo kidogo. Ninajua ninachokichagua.

Na genge, Mungu awasamehe, waliposikia nimekatazwa kucheka, walinishughulikia bila kupumzika ili nicheke. Juma zima. Mmoja alijifunga kitambaa akapita akilia jino. Mwingine akawa daktari na koleo ya kuvutia misumari. Mnyamwezi mmoja, mtu asiyesema kamwe, alichora mwanamke tumboni kwa makaa akamchezesha kwa kuvuta pumzi. Hapo karibu nishindwe. Niligeukia mlima wa Sagalla nikaanza kuwahesabu waliokufa ukoo mzima, mpaka kicheko kikapita.

"Sasa tukuite nani?" waliniuliza. "Nusu imekwisha."

Nikawaambia jina langu. Wamelijaribu. Wakamba wanalitamka kama kikohozi, lakini wanalitamka.

Juzi Ijumaa, akitoka kusali, Mzee Athumani alikuja hapa kwenye vyumba vyetu akiwa ameficha bakuli ndani ya koti. Kile kitu cha maziwa na mayai. Alikumbuka kwamba siwezi kutafuna. Alikaa juu ya ndoo akanitazama nikila, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mlango wako umechongwa na mafundi wawili," alisema. "Usinijibu. Usicheke. Kula."

Nilimwuliza lile ua la kitambaa liliishia wapi. Akasema mwenye nyumba alikaa mbele yake, hakulikunjua, akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

Sijui maana yake. Huenda haina maana.

Wingu limeshuka hadi nusu ya mlima sasa, na kuna harufu ya udongo kutoka upande wa Maungu. Mgongo unauma. Shavu linawasha, na Chilumba ametuma habari kwamba kuwasha ni kupona. Nimechoka kama kawaida yangu, lakini kuna uchovu mmoja umeniondoka, nao ni ule wa kuwaza watanionaje nyumbani. Huo ndio ulionifunga hapa miaka yote, sasa naweza kuuandika. Haikuwa nauli. Niliona aibu kurudi nikiwa nimeanzwa na sijamalizwa.

Mama yangu haoni vizuri. Atanijua kwa vidole. Ataanza na shavu la kulia, upande anaoujua, kisha atavuka pua na kukuta mistari inayolala, na atasimama hapo aulize. Nitakuwa na mengi ya kumweleza, na sitafunika kitu.

Mwakani, mtama wa kwetu ukianza kuinamisha vichwa na kabla mtu hajashika kisu cha kuvunia, nitashuka Lindi, nipande uwandani kwa miguu, na nitapita katikati ya kijiji mchana.